Mahubiri ya Kumtumaini Mungu Yanayofika Hadi Jumatatu: Mwongozo Kamili kwa Mhubiri

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote na wahubiri ni hili: "Nimehubiri juu ya kumtumaini Mungu, watu wakaitikia amina, wengine wakatokwa na machozi, lakini wiki ikapita na wote wamerudi na hofu zilezile. Nimekosea wapi?"

Nikiomba nione maandalizi yao, karibu kila mara nakuta jambo moja. Kuna mistari kumi au kumi na miwili yenye neno "tumaini", imetungwa kama shanga, na mwishoni kuna sentensi: "Basi, wapendwa, tumtumaini Mungu." Msikilizaji ameagizwa jambo zito na hajaonyeshwa linavyofanywa. Anatoka kanisani anajua kwamba anapaswa kutumaini, na hilo alikuwa analijua tangu asubuhi.

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyepewa zamu ya kuhubiri: mchungaji, mwinjilisti, mzee wa kanisa, au kijana anayesimama mimbarini kwa mara ya kwanza. Kazi inachukua siku sita, kama saa moja kwa siku. Nitatumia fungu moja kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho, la mjane wa Sarepta katika 1 Wafalme 17:8-24, ili uone kila hatua inavyokuwa ikifanyika.

## Vitu utakavyohitaji

- Biblia mbili za tafsiri tofauti. Union Version ndiyo watu wengi wameikariri, kwa hiyo soma humo kwanza. Biblia Habari Njema itakusaidia pale lugha ya zamani inapokuzuia. Nukuu zote za hapa zinatoka Union Version.
- Daftari na kalamu. Maandalizi ya kwenye simu yanakaribisha kunakili maneno ya wengine. Mkono unaoandika polepole unalazimisha akili ifikiri.
- Saa, ya kupimia muda siku ya mazoezi.
- Mtu mmoja asiye mhubiri, atakayekusikiliza Ijumaa na kukuambia ukweli.
- Hofu yako moja ya wiki hii. Usianze bila hiyo. Utaona inapotumika.

Itifaki ya Biblia, kitabu kinachoorodhesha maneno na mistari yanamopatikana, ni nzuri ukiwa nayo, ila iache pembeni hadi Alhamisi. Ukiifungua Jumatatu itakupa mistari mia moja ya "tumaini", nawe utarudi kwenye shanga.

## Hatua ya 1 (Jumatatu): Andika hofu moja, si "hofu"

Kabla hujafungua Biblia, andika sentensi moja kuhusu mtu anayeogopa. Iwe na saa na mahali ndani yake.

Usiandike "watu wana wasiwasi na maisha." Andika: "Ni saa tisa usiku, baba amekaa ukingoni mwa kitanda, anahesabu kwa mara ya nne deni asiloweza kulipa, na hataki mke wake aamke." Au: "Mama amekaa kwenye benchi la hospitali, bahasha ya majibu iko mkononi, hajaifungua."

Sababu: kumtumaini Mungu ni jambo linalotendeka siku fulani, katika shida fulani. Ukihubiri hofu ya jumla utatoa faraja ya jumla, na kila mmoja atadhani unaongea na jirani yake.

Tahadhari: usichukue siri ya mshirika aliyekuja kwako kwa maombi. Hata ukibadilisha jina, mwenyewe atajitambua, na hatakuja tena. Tumia hofu yako au hofu inayowapata wengi.

Utajua umefanikiwa ukimsomea mtu sentensi hiyo naye akanyamaza kidogo kabla ya kujibu.

## Hatua ya 2 (Jumatatu jioni): Chagua fungu moja, na lisome hadi linapoishia

Sasa tafuta fungu linalogusa hofu hiyo. Ukikwama, anzia hapa:

- Wasiwasi wa kesho: Mathayo 6:25-34.
- Kutishwa na mwenye nguvu: Danieli 3.
- Hofu iliyokwisha kukushika: Zaburi 56, pamoja na 1 Samweli 21:10-15.
- Imani iliyochoka: Marko 9:14-29.
- Uhaba, kisha msiba juu yake: 1 Wafalme 17:8-24.
- Njia mbili na hujui ya kushika: Mithali 3:1-12.

Chagua moja tu. Mistari mingine unaweza kuitaja kwa kupita, lakini fungu linalobeba mahubiri ni moja.

Hapa wengi huanguka: wanasoma hadi pale panapopendeza, wanafunga Biblia. Mithali 3:5-6 hukatwa kila siku namna hiyo, na kumbe sura inaendelea hadi mstari wa 11 na 12, inapozungumza juu ya kurudiwa na Bwana, yaani kuadibishwa, kama mwana anavyorudiwa na baba anayempenda. Mapito yaliyonyoshwa na maumivu ya kurudiwa yamo katika somo moja.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwa uchungu. Miaka mingi nyuma nilihubiri habari za mjane wa Sarepta, nikaishia mstari wa 16, pale ambapo pipa la unga halikupunguka. Ibada ilipokwisha, mama mmoja aliyekuwa amemzika mwanawe si siku nyingi akanifuata mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na mwanawe je?" Kwenye mstari wa 17 mtoto wa mjane huyo anaugua, na pumzi inamtoka. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu nilikuwa nimeacha kusoma pale nilipoona furaha. Tangu siku hiyo sihubiri fungu lolote kabla ya kusoma sura yake nzima na inayofuata.

## Hatua ya 3 (Jumanne): Tafuta mikono ilifanya nini

Hii ndiyo kazi kubwa ya wiki. Ipe saa nzima, na ikibidi zaidi.

Soma fungu mara tatu. Mara ya tatu, chora mstari chini ya kila tendo la mwili: kwenda, kuokota, kumimina, kubeba, kukaa, kulia. Maneno ya moyoni kama kuamini na kutumaini yaache kwanza. Biblia mara nyingi haituambii mtu alijisikiaje. Inatuambia alifanya nini, na imani yake tunaisoma humo.

Tazama fungu letu. Nabii Eliya anafika kwenye lango la mji, anamkuta mjane anaokota kuni. Anamwomba maji kidogo. Nchi ina ukame, na anayeomba ni mgeni, lakini mwanamke anageuka kwenda kuyaleta. Akiwa njiani anaitwa tena: alete na kipande cha mkate. Ndipo anasema:

"Kama BWANA, Mungu wako, aishivyo, sina mkate, ila konzi ya unga katika pipa, na mafuta kidogo katika chupa, nami ninaokota kuni mbili, ili niingie nijipikie nafsi yangu na mwanangu, tuule tukafe."

Shika kalamu, uandike unachokiona. Kuni ni mbili, maana moto wa kupikia mara moja tu hauhitaji zaidi. Unga ni konzi, kiasi ambacho kiganja kimoja kinaweza kufumba. Ameshapanga hadi mlo wa mwisho. Na anasema "Mungu wako", hasemi "Mungu wangu": Sarepta ni mji wa Sidoni, nchi ya akina Yezebeli, na mwanamke huyu si wa Israeli. Bwana Yesu anayataja hayo hayo katika Luka 4:25-26.

Kisha anafanya nini? Mstari wa 15 hauna hotuba. Unasema alikwenda, akafanya kama Eliya alivyosema. Anaingia ndani na kuni zake mbili, anaingiza mkono kwenye pipa, anapika mkate mdogo na kuutoa nje kwa mgeni kabla mwanawe hajala. Kutumaini kwake kote kumo katika mwendo huo wa kutoka jikoni hadi langoni.

Halafu angalia jambo ambalo wengi hulipita. Andiko halisemi kwamba pipa lilijaa. Linasema halikupunguka. Hakuna asubuhi ambayo tunaambiwa mjane huyu aliamka akakuta akiba ya mwezi. Walikula "siku nyingi", na kila siku ilimbidi ainamie pipa lilelile, aingize mkono, akute kilichopo. Aliitumaini ahadi ile kwa mkono, mlo kwa mlo. Ukimwonyesha hivyo yule baba wa saa tisa usiku, atakuelewa, kwa sababu naye ana siku moja tu mbele yake, na konzi moja.

Tahadhari: usiongeze yasiyoandikwa. Hatujui mwanamke alilia, alitabasamu, wala mwanawe alikuwa na umri gani. Ukijaza mapengo kwa hadithi zako, msikilizaji atakumbuka hadithi na kusahau andiko.

Utajua umefanikiwa ukiweza kusimulia fungu zima kwa dakika tatu bila kutumia neno "imani" hata mara moja, na bado msikilizaji akaiona.

## Hatua ya 4 (Jumatano): Tenganisha ahadi na matamanio

Gawa ukurasa mara mbili. Upande wa kushoto andika Mungu alisema nini hasa ndani ya fungu, alimwambia nani, na kwa muda gani. Upande wa kulia andika tunachotamani angekuwa amesema.

Kwa mjane wetu, upande wa kushoto ni mfupi: pipa la unga halitapunguka, chupa ya mafuta haitaisha, hadi siku Bwana atakapoleta mvua juu ya nchi. Basi. Hakuna ahadi ya utajiri. Juu ya afya ya mwanawe hakuna neno. Ndiyo maana mtoto anapokufa, mama anapigwa na butwaa na kumlaumu Eliya waziwazi. Naye Eliya hamkemei. Anasema, "Nipe mwanao," anamtwaa kutoka kifuani mwa mama yake, anampandisha chumba cha juu, na huko naye anamlilia Mungu kwa maneno makali.

Mtoto alirudishiwa uhai. Lakini usisimame mbele ya mzazi aliyefiwa ukamwambia kwamba naye angetumaini zaidi mwanawe angeamka. Fungu halijampa mtu ahadi hiyo, nawe huna ruhusa ya kuigawa. Linachompa ni kingine, na ni kikubwa: hapa mtu aliyeishi kwa muujiza kila siku alimwambia mtumishi wa Mungu maneno machungu, na hakufukuzwa. Na mtumishi alinyoosha mikono kupokea mzigo. Hilo unaweza kumwahidi mfiwa, mradi uko tayari kulitenda.

Danieli 3 inafundisha hivyo hivyo. Vijana watatu wanakiri kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, kisha wanaongeza maneno ambayo mahubiri mengi huyaruka: "Bali kama si hivyo, ujue, ee mfalme, ya kuwa sisi hatukubali kuitumikia miungu yako." Waliujua uweza wa Mungu. Jibu lake la siku ile hawakulijua, na waliingia motoni bila kulijua.

### Onyo kuhusu sadaka

Nalisema hili kwa uzito. Fungu la Sarepta hutumiwa kuwaambia maskini watoe fedha yao ya mwisho kwa mhubiri "kwanza", ndipo Mungu awafungulie. Ukiwa na nia hiyo, funga daftari.

Soma tena. Bwana alikuwa amesema kabla, katika mstari wa 9, kwamba amemwagiza mjane wa huko. Eliya hakujitungia agizo. Ombi lilikuja pamoja na ahadi iliyo wazi, ya unga na mafuta, vitu ambavyo vingeonekana vimetimia jioni ile ile. Na Eliya hakuchukua mkate akaondoka. Alikaa katika nyumba ile, akala unga wa pipa lile lile. Lingekauka, naye angelala njaa pamoja nao. Mtumishi asiye tayari kukaa kwenye nyumba ya mjane na kula anachokula mjane hana haki ya kumwomba konzi yake.

## Hatua ya 5 (Jumatano jioni): Kiini kwa sentensi moja

Andika sentensi moja ambayo mtoto wa miaka kumi anaweza kuirudia. Haifiki maneno ishirini.

Dhaifu: "Tumtumaini Mungu katika nyakati zote za maisha yetu."

Bora: "Mjane alimtumaini Mungu kwa konzi ya leo, nawe una ya leo."

Ya kwanza inafaa fungu lolote, na kwa hiyo haitoki katika fungu lolote. Ikikuchukua jioni nzima kuipata, si hasara. Kila kitu utakachosema Jumapili kitapimwa kwa sentensi hii, na kisichoiunga mkono kitaondoka.

## Hatua ya 6 (Alhamisi): Tendo moja la Jumatatu

Hapa ndipo mahubiri yanavuka kizingiti cha kanisa au yanakwamia ndani. Tafuta tendo moja ambalo msikilizaji atalifanya kesho yake, kabla ya saa sita mchana.

Lipime kwa maswali haya:

- Linafanyika bila fedha?
- Mtu mwenye hofu anaweza kulifanya akiwa bado anaogopa?
- Lina mwanzo na mwisho, kiasi kwamba jioni atasema "nimefanya" au "sijafanya"?
- Linafanana na lile la kwenye andiko?

Swali la pili lina uzito kuliko mengine. Wengi wanasubiri hofu iishe ndipo watumaini. Zaburi 56:3 inasema, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Siku ni ile ile moja. Kichwa cha zaburi hiyo kinatupeleka kwa Daudi alipokamatwa na Wafilisti katika Gathi, na 1 Samweli 21 inasimulia alivyoogopa sana huko hata akajifanya mwendawazimu mbele ya Akishi, mfalme wa huko, akikwaruza milango huku mate yakimtiririka ndevuni. Aliyeomba zaburi ile alikuwa anatetemeka.

Kwa mjane wetu, tendo ninalopendekeza ni hili. Kesho asubuhi andika kwenye karatasi vitu viwili: kilichopo mkononi mwangu leo, na kazi ya leo niliyoiacha kwa kuogopa ya kesho. Viombee kwa sentensi moja. Kisha nenda ukaifanye hiyo kazi.

Halafu lishushe hadi lifike kwa mtu. Anayedaiwa, na kwa wiki mbili amekuwa akiiacha simu ya anayemdai iite hadi ikatike, tendo lake ni kuipokea na kusema ukweli. Mama mwenye bahasha, tendo lake ni kumtafuta mtu mmoja wa kukaa naye na kuifungua. Kijana aliyeacha kuandika barua za maombi ya kazi ataandika moja. Waliogombana na hawasemezani, mmoja atasalimia kwanza. Taja mifano mitatu au minne hivi mimbarini, kila mmoja na hofu yake.

Tahadhari ya kwanza: usimtume mtu amjaribu Mungu. Katika Mathayo 4:5-7 Ibilisi ndiye aliyemtaka Yesu ajirushe toka kinara cha hekalu, tena kwa kunukuu Maandiko, naye Yesu alikataa. Kumwambia mgonjwa atupe dawa zake "kwa imani" ni kumpandisha kinarani. Mfalme Hezekia alipoomba akaahidiwa uponyaji, nabii Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu (2 Wafalme 20:7). Nehemia naye aliomba na kuweka walinzi (Nehemia 4:9). Sema haya waziwazi, kwa sauti ya kusikika hadi viti vya nyuma, kwa sababu siku hizi kuna watu wanazikwa kwa kuacha matibabu.

Tahadhari ya pili: usimrudishe mtu kwenye mikono ya anayempiga au kumdhulumu kwa jina la kutumaini. Kuondoka mahali pa hatari na kuomba msaada ni tendo la imani pia. Daudi alimkimbia Sauli miaka mingi.

Utajua umefanikiwa ukiweza kulieleza tendo kwa pumzi moja, bila "kujitahidi" wala "kuzidi kukua" ndani yake.

## Hatua ya 7 (Alhamisi usiku): Lifanye wewe kwanza

Rudi kwenye hofu yako uliyoiandika mwanzoni mwa wiki. Ijumaa asubuhi fanya lile tendo, wewe mwenyewe, kabla ya kumwomba mtu mwingine.

Ukishindwa, utagundua ni kwa sababu gani, na mara nyingi ni kwa sababu tendo ni kubwa mno. Lipunguze. Ukiweza, utasimama Jumapili na sauti tofauti, na huna haja hata ya kusimulia.

Na kama wiki hii imani yako imechoka kabisa? Chukua ombi la yule baba wa Marko 9:24: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Aliyasema hayo mbele ya Yesu, na mwanawe akaponywa. Mhubiri anayeomba hivyo hajapoteza haki ya kuhubiri.

## Hatua ya 8 (Ijumaa): Panga na ujisikilize

Kwa mahubiri ya dakika 30, mgawanyo huu umenifaa:

- Dakika 4: ile hofu moja, kwa saa yake na mahali pake. Usianze kwa salamu ndefu.
- Dakika 12: fungu, ukilisimulia polepole na kusoma mistari yenyewe.
- Dakika 6: ahadi iliyopo, na ahadi isiyokuwepo.
- Dakika 5: tendo la Jumatatu, na mifano yake.
- Dakika 3: kimya na maombi.

Dakika 12 za fungu zisiguswe. Muda ukibana, kata kwingine.

Ushuhuda ni mzuri ukiwa mmoja na mfupi. Ningependa pia wahubiri wawe na ujasiri wa kuleta ushuhuda wa mtu ambaye jibu lake halijafika na bado anaomba, kwa ruhusa yake. Waliomo kanisani wengi wako hapo hapo, na husikia za waliokwisha kuvuka tu.

Sasa mwite yule mtu asiye mhubiri. Mhubirie mahubiri yote, saa ikienda. Ukimaliza usimuulize kama yamempendeza. Muulize: "Kesho asubuhi utafanya nini?" Akikutajia tendo lenyewe, umefika. Akisema, "Nitamtumaini Mungu zaidi," rudi hatua ya 6 usiku huo huo.

Jumamosi pumzika. Soma fungu mara moja kwa sauti, ulale mapema.

## Hatua ya 9 (Jumapili): Mimbarini

Soma andiko taratibu. Ukifika "kuni mbili", tua. Ukifika "tuule tukafe", tua tena. Usipaze sauti kwenye huzuni.

Ukishataja tendo, nyamaza. Waambie watu wafumbe macho, kila mmoja ataje moyoni hofu yake na kazi yake ya kesho. Dakika moja nzima ya kimya itakuogopesha mara ya kwanza, utahisi umeharibu ibada. Angalia saa, usiivunje. Kinanda nacho kinyamaze. Humo ndani ya kimya ndimo mtu anapoamua kama atapokea simu.

Kisha omba kwa ufupi, ushuke. Usiongeze mahubiri ya pili ndani ya maombi ya kufunga.

## Hatua ya 10 (Alhamisi inayofuata): Uliza kama ilifanyika

Hatua hii haifanywi na wengi, na ndiyo itakayokufundisha kuhubiri.

Chagua watu watatu: kijana, mtu mzima, mzee. Waulize ana kwa ana au kwa simu, "Ulifanya?" Usiwaulize kama walibarikiwa. Andika majibu yao daftarini bila kuyapamba, na usiyarudie mimbarini.

Wawili kati ya watatu wakisema hawakufanya, uliza walikwamia wapi. Gawa tendo nusu, na Jumapili inayofuata, hata kama si zamu yako, omba dakika mbili wakati wa matangazo ulirudishe likiwa dogo. Hakuna haja ya mahubiri mapya.

Mara ya mwisho nilipofanya hivi, mwanamume mmoja aliniambia alipokea simu ya anayemdai Jumatatu, saa nne asubuhi. Alimwambia kwamba fedha hana, na kwamba hataikwepa tena. Deni lipo vile vile. Wamepanga kuonana Ijumaa. Niliyaandika hayo yote, na chini yake nikaandika: Ijumaa jioni, mpigie.